Pikapu ya gitaa la jazi jukwaani: sumaku, piezo, kihisi cha kubandika au maikrofoni?

Gitaa la jazi la uso wa tao, lile lenye matundu mawili ya umbo la f, lilizaliwa kabla ya amplifaya. Gibson walipotoa L-5 mwaka 1922, kazi yake ilikuwa kusikika ndani ya bendi kwa nguvu ya mbao na mkono tu. Freddie Green aliifanya kazi hiyo kwa nusu karne: aliingia bendi ya Count Basie mwaka 1937, akabaki humo mpaka kifo chake mwaka 1987, na karibu muda wote alipiga bila umeme. Aliweza kwa sababu ya gitaa, ndiyo, lakini zaidi kwa sababu bendi ilijua kushusha sauti ili mdundo wake usikike. Wengi wetu hatuna bendi ya namna hiyo. Tuna mpiga dramu mwenye matoazi mazito, besi iliyochomekwa kwenye amplifaya kubwa, na fundi mitambo ambaye hajawahi kuombwa apandishe gitaa la aina hii.

Basi pikapu inahitajika, yaani kifaa kinachogeuza sauti ya gitaa kuwa umeme wa kwenda kwenye amplifaya, na hapo ndipo watu hukwama, kwa sababu kila anayeulizwa husifia aliyonayo.

Njia rahisi ya kuzielewa zote ni kufuata safari ya sauti yenyewe. Uzi unatikisika. Daraja, kile kipande kinachobeba nyuzi, linapokea mtikisiko huo. Daraja linausukuma ubao wa mbele, na ubao unasukuma hewa. Kila pikapu hutega sikio mahali pake katika njia hiyo: sumaku husikiliza uzi, piezo husikiliza daraja, kihisi cha kubandika husikiliza ubao, maikrofoni husikiliza hewa. Kadiri unavyoelekea hewani, sauti inazidi kuwa ya gitaa lako hasa, na fidibaki, ule mngurumo wa spika unaojilisha wenyewe, inazidi kuwahi. Bidhaa nzuri huipinda kidogo kanuni hii. Sijakutana na inayoifuta.

Ninayoyasema hapa yanahusu hasa magitaa ya uso wa tao, ingawa mengi yanafaa pia kwa magitaa ya mtindo wa Selmer, yale aliyoyapa umaarufu mpiga gitaa wa jazi Django Reinhardt.

Vigezo vya kupimia

Cha kwanza ni fidibaki, nami nakiweka mbele ya sauti kwa makusudi. Spika inatoa sauti, sauti inalitikisa gitaa, pikapu inauchukua mtikisiko ule na kuurudisha kwenye spika, mzunguko unajilisha wenyewe mpaka ungurume. Tumbo la gitaa lina mwitiko wake wa hewa, mara nyingi kati ya 90 na 130 Hz. Hizo ni noti za uzi wa 6 kuanzia fireti ya 2 hadi ya 8, na ndiko mngurumo huanzia. Gitaa jepesi lililochongwa kwa mbao nzima huwahi kunguruma kuliko la mbao za tabaka. Kwa hiyo kabla ya kuuliza pikapu ipi ina sauti tamu, uliza bendi yako ina kelele kiasi gani. Pikapu tamu isiyoweza kupanda hadi usikike haina sauti yoyote.

Cha pili ni sauti, lakini uwe mkweli kuhusu unayoitaka. Nimesikia wapigaji wengi wakisema wanataka sauti ya akustika ya jazi, kisha rekodi wanazotaja kama mfano zote ni za sumaku. Charlie Christian alijulikana kwa Gibson ES-150, gitaa la umeme lililotoka mwaka 1936. Wes Montgomery alipiga L-5 yenye pikapu za sumaku zilizokatiwa nafasi kwenye ubao. Kama hiyo ndiyo sauti iliyo kichwani mwako, nusu ya makala hii haikuhusu.

Cha tatu: pikapu itafanya nini kwa gitaa na inataka nyuzi gani. Je, kuna kutoboa? Kuna gundi? Inaweza kuondolewa bila alama? Cha nne ni vifaa vinavyofuata baada ya jeki: priampu (kikuza-sauti kidogo cha awali), betri, aina ya amplifaya, umeme wa fantomu (ule ambao miksa hupeleka kwa maikrofoni kupitia waya wake). Na cha tano ni urahisi jukwaani, yaani dakika ngapi zinahitajika mpaka isikike vizuri, na inamtegemea fundi mitambo kiasi gani.

Sumaku inayoelea

Hii hufungwa mwishoni mwa shingo au kwenye kibao cha kukinga mikwaruzo, ikaelea chini ya nyuzi bila kugusa ubao wa mbele. Ndani kuna koili ya waya mwembamba na sumaku. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, uga wa sumaku unabadilika na umeme mdogo unazaliwa kwenye koili. Haisikii hewa. Ukiongea mbele yake, haichukui kitu.

*Fidibaki.* Kati ya zote, hii ndiyo inayopanda juu zaidi. Haina kinga kamili, maana spika ikiutikisa ubao, ubao nao huzitikisa nyuzi na sumaku inaona. Hata hivyo pengo kati yake na zinazofuata ni kubwa, na ukiwa na dramu jukwaani utalithamini.

*Sauti.* Nene, ya mviringo, yenye noti ya msingi iliyoshiba, kwa kuwa iko karibu na shingo ambako uzi hutikisika kwa upana. Mstari wa solo unasimama wima juu ya bendi. Kinachopotea ni mbao: ule mkwaruzo wa piki (kipande cha kupigia nyuzi), ile 'chak' ya kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) inayokatwa kwa mkono wa kushoto. Anayepiga mdundo wa mapigo manne kwa staili ya Green ataona kodi zake zimekuwa butu, kama zimefunikwa blanketi.

*Gitaa na nyuzi.* Hapa ndipo pana mengi. Usakinishaji wenyewe hauumizi gitaa: kifundo cha sauti hukaa pembeni mwa kile kibao cha mikwaruzo, na jeki inaweza kushikiliwa na kipande cha chuma kwenye kishika nyuzi cha nyuma. Ukitaka jeki ikae kwenye kitako cha gitaa badala ya pale, jiandae kupanua tundu la kifungo cha mkanda hadi karibu milimita 12. Pima kwanza nafasi kati ya nyuzi na ubao mwishoni mwa shingo. Kwenye magitaa mengi ni ndogo, ndiyo maana pikapu hizi huwa nyembamba.

Tatizo kubwa ni nyuzi. Zile za kuzungushiwa shaba, ambazo ndizo zinazolifanya gitaa la akustika ling'ae, zina kiini cha chuma tu. Shaba iliyozungushwa juu yake haimaanishi kitu kwa sumaku. Matokeo yake uzi wa 1 na wa 2, ambao ni chuma kitupu, huruka juu na zile nne zinabaki nyuma. Dawa ni nyuzi za nikeli, au pikapu yenye skrubu chini ya kila uzi ili uushushe wa 2. Nyuzi za nikeli nazo huchukua kidogo cha ule mng'ao wa akustika unapopiga bila umeme. Kuna wanaokubali hasara hiyo na kuna wasiokubali. Mimi naona ni bei ndogo kwa anayepiga mara nyingi na bendi kamili. Nyuzi za nailoni hazifanyi kazi kabisa na sumaku.

*Vifaa.* Vichache. Amplifaya yoyote ya gitaa la umeme inatosha, bila betri wala priampu. Tena spika yake ya kawaida ya inchi 12 huanza kudondoka karibu na 5 kHz, na kudondoka huko ni sehemu ya sauti unayoijua. Ukiichomeka sumaku moja kwa moja kwenye miksa, sauti hutoka kali na tupu. Mwambie fundi aweke maikrofoni mbele ya amplifaya yako. Pikapu ya koili moja huchukua pia mvumo wa umeme wa jengo na wa taa za kupunguzwa mwanga, ilhali hambaka, yenye koili mbili zinazofutana kelele, hunyamaza.

*Jukwaani.* Chomeka, piga. Fundi mitambo yeyote anaijua.

Inamfaa mpiga solo katika bendi yenye dramu, na yeyote ambaye sauti ya jazi kichwani mwake tayari ni ya umeme.

Kuna pia sumaku ya kukatiwa nafasi ndani ya ubao. Inapunguza fidibaki zaidi, kwa sababu ubao uliokatwa na kubebeshwa uzito hautikisiki kwa urahisi. Kwa sababu hiyo hiyo gitaa hupoteza sauti yake bila umeme, na ubao ukishakatwa haurudi. Kama gitaa lako ni la kuchongwa kwa mkono, acha. Afadhali kununua gitaa la pili lililojengwa hivyo tangu mwanzo.

Piezo ya daraja

Ndugu Jacques na Pierre Curie walionyesha mwaka 1880 kwamba baadhi ya fuwele hutoa umeme zikibanwa. Piezo ni hiyo. Kwenye gitaa la uso wa tao vipande vyake hufichwa ndani ya daraja, ama kwenye sehemu ya juu inayobeba nyuzi ama karibu na magurudumu ya kupandisha na kushusha daraja. Kila msukumo wa uzi unazibana fuwele.

*Fidibaki.* Ya kati. Kwa watu watatu wanaopiga kwa adabu utafika. Kwa wapuliza na dramu za nguvu, utaanza kupigana na noti moja au mbili za chini, ingawa kichujio chembamba cha ikwalaiza kwenye noti husika kinaweza kukuongezea nafasi.

*Sauti.* Wazi, ya haraka, kila noti inajitenga hata ndani ya kodi yenye noti za karibu karibu. Mkono mwepesi na mkono mzito vinasikika tofauti. Lakini kuna ule mlio mkavu wa plastiki, hasa ukipiga kwa nguvu, unaofanya gitaa la thamani lifanane na la bei rahisi. Punguza taratibu eneo la kati ya 1 na 3 kHz na utafifia, bila kwisha. Siku hizi zipo priampu zinazobeba nakala ya mwitiko wa gitaa lililorekodiwa kwa maikrofoni na kuichanganya na piezo. Kwa masikio yangu zimepunguza malalamiko mengi kuliko badiliko lolote kwenye pikapu zenyewe.

*Gitaa na nyuzi.* Nyuzi zozote: shaba, nikeli, nailoni. Hiyo ni faida ambayo sumaku haiwezi kukupa. Upande wa pili, unabadilisha daraja, na daraja la gitaa hili halijagundishwa. Linashikiliwa na mvuto wa nyuzi, na chini yake limechongwa lifuate tao la ubao bila mwanya. Daraja jipya lisilokaa vizuri huua sauti ya akustika kabla hata hujachomeka waya. Hii ni kazi ya fundi wa magitaa. Mwambie alitunze daraja la zamani ili uweze kurudi.

*Vifaa.* Usibane matumizi hapa. Piezo inataka mlango wenye ukinzani mkubwa, angalau megaomu 1, na ukifika 10 ni bora zaidi. Ukiichomeka kwenye mlango wa chini ya hapo, besi inakimbia na kinachobaki ni mlio mwembamba ambao watu huulaumu kwenye pikapu. Kebo ndefu kati ya piezo na priampu nayo hula nguvu ya mawimbi, basi weka priampu karibu: kiunoni, sakafuni karibu na mguu, au ndani ya gitaa. Nyingi hutumia betri ya volti 9. Baada ya priampu, nenda kwenye amplifaya ya akustika au moja kwa moja kwenye miksa kupitia kisanduku cha DI (kinachoandaa mawimbi ya chombo yaingie kwenye miksa), kwa sababu piezo inahitaji spika inayofika juu kabisa.

*Jukwaani.* Rahisi ikishapangwa. Priampu yako ndiyo silaha yako. Ukiwa na kitufe cha kugeuza fezi (kuyapindua mawimbi juu chini) na kichujio cha kukata besi, utatatua nusu ya shida kabla fundi hajainua kichwa.

Inamfaa anayepiga vidole na kodi nyingi, anayebadilishana kati ya mdundo na solo, na yeyote asiyetaka kuachana na nyuzi za shaba.

Kihisi cha kubandika

Ni kidonge kidogo, mara nyingi nacho ni piezo, kinachobandikwa kwenye ubao karibu na daraja, kwa ndani kupitia tundu la f au kwa nje. Hakijui kinachoendelea kwenye uzi. Kinajua ubao unavyocheza.

*Fidibaki.* Inawahi. Ubao ndio sehemu inayotikiswa zaidi na spika, na wewe umeweka sikio juu yake.

*Sauti.* Ina mbao. Ile 'chak' inarudi, kifua cha gitaa kinarudi, na ule ukavu wa piezo ya daraja haupo au ni mdogo. Inategemea mno mahali ulipobandika; sogeza sentimita moja na umepata gitaa jingine, mara lenye besi ya kufurika, mara lenye pua. Kwa hiyo usigundishe kabla ya kujaribu sehemu kadhaa kwa gamu inayobanduka, huku mtu mwingine akisikiliza kwenye spika.

*Gitaa na nyuzi.* Nyuzi zozote, na hakuna kutoboa zaidi ya jeki. Tahadhari ni moja, na ni ya magitaa ya zamani: vanishi ya nitroselulosi huweza kuharibiwa na baadhi ya gundi na plastiki. Kwa gitaa la namna hiyo bandika kwa ndani, kwenye mbao tupu.

*Vifaa.* Kama piezo ya daraja.

*Jukwaani.* Kinachukua kila kitu kinachougusa ubao: mkono wa shati, kifungo cha koti, kidole cha mwisho ulichokiegemeza. Kuna wapigaji ambao hawatulizi mkono wa kulia, hao kitawasumbua.

Inamfaa mpiga mdundo katika kundi dogo lisilo na dramu, na anayepiga peke yake na kutaka mguso wa mbao bila kufungwa na maikrofoni.

Maikrofoni

Iko ya stendi na iko ndogo ya kubana kwenye gitaa, mfano DPA 4099. Zote mbili husikiliza hewa, na hewa ndiko gitaa la akustika linakosikilizwa siku zote.

*Sauti.* Naanza na sauti kwa sababu hapa hakuna mshindani. Hakuna mlio mkavu, hakuna kodi butu, nyuzi zote zina uzito wake. Mahali pa kuilenga ni kati ya daraja na tundu la f la chini. Ukilenga ndani ya tundu lenyewe utapata mvumo wa besi usio na umbo. Na ukiisogeza karibu mno, maikrofoni za mwelekeo mmoja huvimbisha besi zenyewe. Uzi wa chini wa gitaa ni 82 Hz, kwa hiyo kata kila kitu chini ya 80 na hutapoteza noti hata moja.

*Fidibaki.* Mbaya kuliko zote, na humo humo mna kelele za jirani: maikrofoni iliyo karibu na dramu inarekodi matoazi yenye gitaa kwa mbali. Kuna hesabu tatu za kukusaidia. Ukipunguza umbali hadi chanzo kwa nusu, unapata hadi desibeli 6 bure, na ndiyo sababu ile ya kubana huishinda ya stendi. Kila idadi ya maikrofoni zilizo wazi jukwaani inapoongezeka maradufu, unapoteza desibeli 3 za nafasi kabla ya fidibaki, basi mwombe fundi afunge zisizotumika. Ya tatu ni mahali pa kuweka monita, spika inayowaelekea wapigaji jukwaani. Maikrofoni ya kadioidi, inayosikiliza hasa mbele, ni kiziwi zaidi nyuma yake kabisa. Ya superkadioidi, yenye mwelekeo mwembamba zaidi, ni kiziwi kwenye pembe ya digrii kama 126 kutoka mbele, yaani nyuma lakini kwa pembeni. Monita ikikaa kwenye uziwi huo, unaweza kupandisha zaidi ya ulivyodhani.

*Gitaa na nyuzi.* Haigusi chochote. Nyuzi zozote.

*Vifaa.* Nyingi zinahitaji umeme wa fantomu wa volti 48 kutoka miksa, na spika nzuri. Amplifaya ya gitaa la umeme haiisaidii.

*Jukwaani.* Inataka muda wa kujaribu mitambo na fundi anayejua anachofanya. Ya stendi inakunyima uhuru wa kusogea. Hata kugeuka kumwangalia mpiga besi kunabadilisha sauti.

Inamfaa anayepiga peke yake, au wawili, ukumbini ambako watu wamekuja kusikiliza. Inafaa pia kwa rekodi ya moja kwa moja, hata kama hadhira inasikia kitu kingine.

Mseto wa mbili

Wapigaji wengi wenye uzoefu huishia hapa, na ni rahisi kuelewa kwa nini: sumaku inabeba uzito na nguvu, piezo au maikrofoni inaongeza mbao juu yake. Jeki ya stirio inaweza kutoa njia mbili kwa waya mmoja, ukachanganya kwenye priampu yenye milango miwili.

Tatizo lake ni fezi. Sauti hewani huchukua karibu milisekunde 1 kwa kila sentimita 34. Maikrofoni iliyo sentimita 30 kutoka kwenye gitaa itachelewa nyuma ya sumaku kwa karibu 0.9, na zikichanganywa sawasawa baadhi ya noti hufutana, hasa kuzunguka 550 hadi 600 Hz. Sauti inakuwa na shimo katikati na hakuna anayejua kwa nini. Geuza fezi ya moja na usikilize. Ikiwa bado, gawa kazi: sumaku ichukue chini, maikrofoni ikatwe besi ibaki na ya juu tu, kuanzia 250 Hz hivi. Kuikata besi maikrofoni kunapunguza pia fidibaki, hivyo umeua ndege wawili kwa jiwe moja.

Kuna mpangilio mwingine ninaoupenda zaidi kwa bendi ndogo. Sumaku iende kwenye amplifaya yako nyuma, wewe na wenzako mjisikie kwayo. Piezo au maikrofoni iende kwa hadhira pekee, wala isiingizwe kwenye monita hata kidogo. Kila moja inafanya kazi inayoiweza. Gharama yake ni vifaa viwili, waya mbili na sehemu mbili za kuharibika. Haimfai anayebeba mzigo wote mwenyewe na kupewa dakika kumi za kujipanga.

Kabla ya kutoboa chochote

Jaribu kwa sauti ya bendi. Sebuleni kila pikapu ni nzuri. Kaa mita mbili kutoka kwenye amplifaya, weka kiwango utakachotumia kweli, kisha ondoa mikono kwenye nyuzi uone kama gitaa linaanza kuimba lenyewe. Piga kila noti ya uzi wa 6 moja moja hadi fireti ya 8 ukitafuta inayovimba kuliko nyingine. Ukiipata, ikate hiyo tu kwa kichujio chembamba. Ukikata besi zote umeua gitaa.

Kabla hujalaumu pikapu, inua amplifaya kutoka sakafuni, kwa kuwa sakafu huongeza besi, na isielekee tumbo la gitaa. Sifongo laini ndani ya matundu ya f nayo husaidia, hasa kwa sumaku, ambayo haijali sauti ya tumbo. Kwa maikrofoni usithubutu. Utakuwa umeziba kile ulichokuja kukisikiliza.

Kwa hali yako

Bendi kamili yenye wapuliza na dramu, nawe una sehemu ya solo: sumaku inayoelea na nyuzi za nikeli. Kama kazi yako humo ni mdundo tu, fikiria piezo ya daraja kwanza, kwa kuwa mdundo unataka ukali wa mwanzo wa noti kuliko unene. Ikishindwa na kelele, rudi kwenye sumaku na uongeze kidogo sauti za kati za juu.

Watatu, gitaa na besi na dramu zinazopigwa kwa brashi: piezo ya daraja yenye priampu nzuri inatosha, au mseto kama una muda. Hapa ladha ndiyo itakayoamua, maana karibu kila chaguo linawezekana.

Wawili, gitaa na mwimbaji au gitaa na besi: maikrofoni ya kubana kama ukumbi umetulia, kihisi cha kubandika kama watu wanaongea huku mkipiga.

Peke yako kwenye ukumbi mzuri: maikrofoni, na kihisi au piezo pembeni kama akiba endapo monita itasumbua.

Gitaa la mtindo wa Selmer pamoja na magitaa mengine ya mdundo: kihisi au piezo ya daraja ndogo, ili ule ukali wa piki ubaki. Mpiga solo anayezidiwa sauti na wenzake anaweza kufunga sumaku kwenye tundu la sauti. Django mwenyewe alipiga gitaa la umeme kwenye ziara yake na Duke Ellington nchini Marekani mwaka 1946.

Gitaa la zamani au la thamani, hata uwe unapiga na nani: lolote lisilotoboa wala kugundishwa kwa nje. Sumaku inayoelea yenye jeki kwenye kishika nyuzi, au maikrofoni ya kubana.

Kama kila wiki uko mahali tofauti na mafundi tofauti, chagua kile unachoweza kukimudu mwenyewe hadi mwisho: sumaku na amplifaya yako, au piezo na priampu yako, ukimpa fundi waya mmoja tu. Na kama bado umekwama kati ya mbili, anza na ile inayotoka bila alama, ipige na bendi yako kwa miezi kadhaa, kisha ndipo umpelekee fundi wa magitaa swali la kutoboa.